Kamba Moja, Watu Watatu: Siku Tano na Mwongozaji wa Kukodi Chamonix

Mimi ni mwongoza watalii wa Mlima Kilimanjaro, mzaliwa wa Marangu, na mwaka huu natimiza miaka 12 kwenye kazi hii. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa mlimani, na kwa ndugu zetu walioko Ulaya ambao kila siku wananiuliza: huko Chamonix, mji wa Ufaransa ulio chini ya Mont Blanc, kukoje, na kuna sababu gani ya kumlipa mwongozaji hela yote ile kama miguu na mapafu unayo? Nimerudi kutoka huko Julai. Kilele cha Mont Blanc sikukifika. Huduma niliyoilipia naipa nyota tano hata hivyo, na nitaeleza kwa nini, pamoja na jambo moja ambalo laiti ningeambiwa kabla sijatoa hela.

Tuanze na hiyo hela, maana hapo ndipo wengi hukatia tamaa. Mwongozaji wa kule hutoza siku yake ya kazi, hahesabu vichwa vya wageni. Ukiwa peke yako unabeba gharama yote, mkiwa wawili mnagawana. Juu yake kuna kitanda chake, chakula chake na nauli zake za huko milimani, ambavyo navyo ni juu yenu. Kwa njia ya kawaida ya Mont Blanc, ile ya Goûter, hachukui zaidi ya wageni wawili. Sisi tulikuwa wawili: mimi na shemeji yangu, mume wa dada, mtu wa Mwika aliyehamia Geneva zamani na ambaye hukimbia mbio ndefu kila mwaka. Kwa siku tano, pamoja na vifaa, malazi na usafiri wa mlimani, kila mmoja wetu ilimtoka yuro 2,000 na ushee.

Mgeni wa Kilimanjaro akilipa kiasi hicho anapandishwa na kijiji kizima. Kuna kiongozi na msaidizi wake, mpishi, wapagazi saba au wanane, mahema, uji wa moto asubuhi na maji ya kunawa mlangoni. Chamonix unapata mtu mmoja mwenye kamba. Mpagazi hakuna, begi lako unalibeba mwenyewe. Nilianza kazi nikiwa mpagazi wa kilo 20, kwa hiyo kilo tisa hazikunitisha, lakini niliona jinsi shemeji alivyoshangaa pale alipoambiwa kwamba hata chupa ya chai ni ya kubeba mwenyewe.

Mwongozaji wetu anajitegemea, hayuko chini ya kampuni, na jina lake silitaji kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Ni mzee wa miaka hamsini na kitu, mikono mikavu kama magome. Kifuani ana beji ya shirikisho la kimataifa la waongozaji wa milima, na shule yake ni ENSA, shule ya taifa ya Ufaransa ya waongozaji wa milima, ya Chamonix palepale. Hiyo beji iulizeni kabla ya kulipa. Nilipompigia simu mara ya kwanza nilimwambia kwa fahari kwamba nimefika kilele cha Uhuru mara nyingi kiasi kwamba nimeacha kuhesabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: umewahi kutembea na kramponi? Nikasema hapana. Njia zetu za Marangu, Machame na Lemosho mtu anapanda kwa buti tu. Akasema basi siku ya kwanza tutaanzia kwenye barafu.

Kabla ya barafu kulikuwa na duka. Sitalitaja, ila ni moja ya maduka yanayokodisha vifaa pale mjini, na kwangu hilo ndilo doa la safari nzima. Tuliingia jioni, saa moja kasoro, kijana wa kaunta akiwa tayari anafunga. Kwa wasioijua, kramponi ni fremu ya chuma yenye meno, zangu zilikuwa na meno 12, inayofungwa chini ya buti. Mbele inashika kwenye ncha ya soli, nyuma kuna kibano kinachobanwa kwenye kisigino. Ikiwa umbo la buti na umbo la fremu havipatani, kila kitu kitaonekana sawa dukani na kitafunguka kwenye mteremko. Yule kijana alipima buti zetu, akazijaza kramponi kwenye mfuko, akatupa risiti. Hakuzivalisha hata mara moja.

Kesho yake tulipanda treni ya Montenvers, ile nyekundu yenye reli ya meno, iliyoanza kazi mwanzoni mwa karne iliyopita, hadi mita 1,913, kisha tukashuka mpaka kwenye mto wa barafu uitwao Mer de Glace. Saa nne asubuhi, kwenye kilima cha barafu kisichozidi paa la nyumba, shemeji alipiga hatua ya tatu na kramponi ya mguu wa kulia ikabaki nyuma. Kibano kiliruka, akateleza mita mbili hivi, akasimama kwenye tope. Hakuumia. Mwongozaji aliiokota, akaigeuza mara moja tu, akatuonyesha: waya wa mbele ulikuwa mpana kuliko ncha ya buti, umekaa wazi, kidole kinapita. Akafunga kwa kamba ndogo tumalize mafunzo. Jioni duka lilibadilisha bila neno la samahani, na hela ya siku ile halikurudisha. Nyota moja. Ukikodi vifaa, simamia wavishe kramponi kwenye buti mbele yako, kisha inua buti kwa kushika kramponi, utikise. Kama inacheza, usiondoke nayo.

Mafunzo yenyewe lakini yalistahili kila senti. Alitufundisha kutembea upya kama watoto. Miguu iachane kidogo, meno yasikamate suruali. Kifundo kilegee ili meno yote yaume barafu kwa pamoja, usisimame kwa ukingo wa buti kama tunavyofanya kwenye mawe ya Barranco kwetu Kilimanjaro. Mwili wangu wote ulikataa. Miaka 12 nimezoea kuchimba kokoto kwa ukingo, na pale ukingo ndio unaokuangusha. Alinisimamisha mara kumi, kumi na tano, bila kupandisha sauti, akinigonga kifundo kwa mpini wa shoka la barafu: lala, lala, lala. Mchana kifundo kikaelewa.

Wakati wa kula mkate alitunyooshea kidole kwenye ukuta wa bonde. Mbali juu yetu kulikuwa na mstari: juu yake majani na vichaka, chini yake mwamba mtupu wa kijivu. Mpaka pale, akasema, ndipo barafu ilipofika karne ya 19. Hapo kituoni barafu imeshuka zaidi ya mita 100, na wale waliojenga reli waliijenga ili mtalii akishuka kwenye behewa aikute karibu na miguu yake. Nilikaa kimya, kwa sababu mimi nina mstari wangu huko kwetu. Watafiti walipima wakakuta kwamba kufikia 2007 asilimia 85 ya barafu iliyokuwapo Kilimanjaro mwaka 1912 ilikuwa imekwisha. Wageni huniuliza pale juu theluji iko wapi, nami huwanyooshea kidole ukuta wa barafu ambao mwaka nilioanza kazi ulifika mbali zaidi. Mzee yule hakuhitaji kufafanuliwa chochote. Alinimiminia chai.

Siku ya pili tulipanda Aiguille du Midi, kilele kilichochongoka juu ya mji, kwa gari la kebo. Hapa lazima nikae kidogo. Mji uko mita 1,035. Kituo cha juu kiko mita 3,777. Unapanda, unabadilisha gari katikati, na baada ya dakika ishirini hivi umefika. Kwa wasioujua mlima wetu, kambi ya Horombo iko mita 3,720, na mgeni wangu huifikia siku ya pili jioni, amelala usiku mmoja kambi ya Mandara, amekunywa maji lita nne, nimemchungulia machoni mara kadhaa. Pale Chamonix niliona bibi mwenye mkoba na mjukuu wanashuka kwenye gari na kukimbilia kupiga picha, na tumbo likanisokota kwa mazoea ya kazi. Wengi huteremka baada ya saa moja, kwa hiyo mwili hauwahi kulalamika. Anayebaki kulala ndiye wa kuangaliwa.

Mwaka 2019 serikali yetu ilipotangaza kwamba inafikiria kuweka gari la kebo Kilimanjaro, wengi wetu tulipinga, nikiwemo mimi. Nimeshalipanda hili la Chamonix, limejengwa tangu 1955, ni kazi ya ufundi inayotia heshima, na bado napinga la kwetu. Kule hakuna mpagazi aliyekuwa akilisha watoto kwa njia ile. Kwetu wapo kwa maelfu.

Kutoka kituoni unapita kwenye handaki lililochimbwa kwenye barafu, unafungua kigeti, na mbele yako kuna mgongo wa theluji mwembamba kama ukingo wa ukuta. Kushoto chini kabisa unaona paa za Chamonix, zaidi ya mita 2,700. Ndipo nilipoona kamba inavyofanya kazi. Kwetu kiongozi hutangulia, "pole pole" ikitoka mbele. Pale alituweka sisi mbele na yeye akabaki nyuma, kamba fupi mkononi, imekaza kidogo muda wote, kwa sababu kwenye kuteremka aliye juu ndiye anayeweza kumshika aliyeteleza. Sikumwona uso kwa dakika kumi na tano. Nilichokuwa nacho ni mguso mdogo kiunoni, pale hanesi, mkanda unaofungiwa kamba, inapokaa, kila nilipokosea hatua. Mguso, na sauti: lala.

Tulilala nyumba ya wapanda milima ya Cosmiques, mita 3,613. Supu nzito, jibini, kitanda safi, buti zinaachwa chumba cha chini na unapewa ndara. Hapo ndipo ilipo kasoro pekee niliyoiona kwa mwongozaji wetu, naye nilimwambia ana kwa ana. Jioni alituuliza mara moja tu, mezani, mbele ya watu: mko sawa? Tukasema tuko sawa. Basi. Kwetu kila jioni tunakaa na mgeni, mmoja mmoja. Kichwa? Tumbo? Umekula kiasi gani? Umekojoa mara ngapi? Kidole kinawekwa kwenye oksimita, kipimo cha oksijeni ya damu, namba inaandikwa. Mgeni akidanganya kwa mdomo, namba na sahani yake ya chakula vinamwumbua. Shemeji alisema yuko sawa, na ukweli ni kwamba kichwa kilikuwa kinampasuka tangu saa kumi. Alikunywa vidonge viwili vya maumivu chooni na hakumwambia mtu. Nimekuja kujua baada ya yote kwisha. Kwenye hili naona wenzetu wa Alps wana la kujifunza Marangu, na mzee yule alikubali, akaniomba nimtumie fomu yetu.

Siku ya tatu tulipumzika mjini, mvua ikanyesha. Chamonix ni mji wa kupendeza na wa gharama. Kahawa mbili na vipande viwili vya keki, nikaona nimekula siku nzima ya posho. Ndio mji ulioandaa michezo ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi, mwaka 1924. Mimi nilikwenda kuzitazama sanamu. Katikati ya mji kuna ya mwaka 1887: Jacques Balmat anamwonyesha kilele mwanasayansi Horace-Bénédict de Saussure, aliyeahidi zawadi mwaka 1760 kwa atakayepata njia. Lakini waliofika kileleni tarehe 8 Agosti 1786 walikuwa Balmat na daktari wa kijijini, Michel-Gabriel Paccard. Daktari hakuwekwa pale. Sanamu yake imesimama peke yake, na ilijengwa mwaka 1986, miaka 200 kamili baadaye.

Nilisimama mbele ya Paccard nikimkumbuka mzee wetu Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu. Kwa miaka mingi waliosimuliwa kupanda Kilimanjaro mwaka 1889 walikuwa wawili tu, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, huyu Purtscheller akiwa ni Mwaustria aliyekomaa kwenye milima hii hii ya Alps. Sisi tuliozaliwa Marangu tumekua tukijua nani aliwaonyesha njia. Nimefurahi kwamba Chamonix walirekebisha, ingawa kwa kuchelewa. Chama cha waongozaji cha mji huo, Compagnie des Guides, kilianzishwa 1821, mwaka mmoja baada ya waongozaji watatu kufa kwenye maporomoko ya theluji wakiwa na wageni, na tangu mwanzo kilikuwa na sanduku la kusaidiana. Mwongoza watalii yeyote wa Kilimanjaro anaelewa sanduku hilo ni la nini.

Siku ya nne tukaanza mlima wenyewe. Treni ya Tramway du Mont Blanc inapanda kutoka Le Fayet hadi Nid d'Aigle, mita 2,372, na kutoka hapo ni miguu. Njia ya mawe, mbuzi-mwitu wenye pembe ndefu wamelala kando wala hawasogei. Nyumba ya Tête Rousse iko mita 3,167. Jueni kwamba bila kitanda kilichowekwa kwa jina lako huendi popote. Wapo wakaguzi njiani wanaouliza uthibitisho, na hema hairuhusiwi kupigwa ovyo. Wenye kudhani watajipenyeza, msipoteze nauli. Maji ya kunywa ni ya chupa, ya kununua. Chakula cha jioni saa kumi na mbili na nusu, taa zinazimwa watu wazima wakiwa bado na jua dirishani.

Tuliamka saa saba usiku. Chai, mkate, jamu. Saa nane kasorobo tulikuwa nje, taa za kichwani zimewashwa, kamba imefungwa: mwongozaji mbele, shemeji katikati, mimi nyuma. Robo saa mbele unakutana na korongo kubwa la Goûter. Ni mfereji mwinuko unaoshuka kutoka juu kabisa, na mawe yanaporomoka humo jua likiyayeyushia barafu iliyoyashika. Ndiyo sababu tunavuka usiku, mawe yakiwa yameganda mahali pake. Kiangazi cha 2022 joto lilikuwa kali mno, mawe hayakupumzika mchana wala usiku, waongozaji wakasimamisha safari za Mont Blanc, na mwezi Agosti nyumba zote mbili, Tête Rousse na Goûter, zikafungwa. Usiku wetu kulikuwa na baridi nzuri. Mzee alizima maneno, akasikiliza, akasema twende, na chini ya dakika moja tulikuwa ng'ambo.

Kisha mwamba, mita 500 hivi za kukwea kwa mikono na miguu, penye nyaya za kushika sehemu za juu. Hapo nilijisikia nyumbani. Saa kumi na nusu alfajiri tukafika nyumba mpya ya Goûter, mita 3,835, lile yai la chuma lililofunguliwa mwaka 2013 na kukaa ukingoni kabisa mwa jabali. Tulipumzika kidogo, tukavaa kramponi, tukaingia kwenye theluji.

Ninachosimulia sasa sikijivunii, ila bila hicho tathmini hii itakuwa nusu. Chini ya Dôme du Goûter, kilima cha theluji kilicho njiani kuelekea kileleni, kwenye mteremko mrefu usio na ugumu wowote, nilianza kuona miguu ya shemeji. Nilikuwa nyuma yake, taa yangu inamulika visigino vyake. Mara ya kwanza meno ya kramponi yalikwaruza suruali ndani ya goti. Nikasema moyoni, usingizi. Mara ya pili yalikamata, akayumba, akajishika. Kamba kati yetu ikaanza kulegea, kisha kukaza ghafla, kisha kulegea. Nimeiona miguu hiyo mara nyingi kati ya kambi ya Kibo na Gilman's, ukingoni mwa kreta ya kwetu. Najua ni nini. Mgeni wangu akitembea hivyo, simwongezi hatua kumi.

Nikanyamaza. Mashariki palikuwa pameshaanza kuwa pekundu, upepo umetulia, na kilele kilikuwa kinaonekana chote. Nilinyamaza kwa dakika kumi nzima, mimi ambaye kazi yangu ni kusema.

Aliyesimama ni mzee. Hakuwa amegeuka nyuma hata mara moja. Alituambia baadaye kwamba kamba ilikuwa inamvuta mkononi kwa vipindi visivyo sawa, na alihesabu mpaka akaridhika. Tulikuwa tumepita tu kichwa cha Dôme, mita 4,304, na mbele yetu kibanda cha dharura cha Vallot kinang'aa. Alimsogelea shemeji, akamwambia afunge zipu ya koti mpaka shingoni. Shemeji akavua glavu, akaishika zipu. Akaitafuta ncha ya pili. Vidole vilipapasa tumboni, vikapita palepale ilipo, vikarudi, vikapita tena. Nadhani ilichukua nusu dakika. Hakuna aliyesema kitu.

"Shem, unajisikiaje?" nikamwuliza, kwa Kiswahili, nimechelewa.

"Nipo poa, shem. Zipu tu."

Mzee akamfungia zipu mwenyewe, akamvalisha glavu kama mtoto, akasema tunashuka. Ndipo nilipofanya la pili nisilolijivunia. Nikamwambia yeye amshushe shemeji, mimi niende peke yangu, ni mwendo wa saa mbili tu, nina nguvu, ni kazi yangu. Hakukasirika. Aliniuliza kama kwetu ningemruhusu mgeni afanye hivyo. Nikaanza kulegeza kamba ili tugeuze.

Hili ndilo ambalo laiti ningeambiwa. Kilimanjaro mgeni mmoja akiugua, msaidizi anashuka naye na wengine wanaendelea. Tumejipanga hivyo tangu getini. Mont Blanc kuna mwongozaji mmoja, kamba moja, watu watatu. Akishuka mmoja, mmeshuka wote, na hela hairudi. Wala sidai irudi, kwa sababu mzee alifanya kazi yake mpaka mwisho, na aliifanya pale mimi nilipoacha kuifanya yangu. Kama ungeniuliza siku moja kabla kwa nini mtu wa mlimani amlipe mwongozaji, ningekujibu habari za kramponi na nyufa za barafu. Siku ile nililipia macho ya mtu asiyekitaka kilele kile. Mimi nilikitaka, na nikaacha kuona.

Lakini mtu aambiwe mapema. Kwenye mawasiliano yote ya kuweka nafasi tulizungumzia buti, bima, chakula. Hakuna aliyetuketisha na kutuuliza kama mnajua mnafungwa kamba moja na mnakubaliana nini mmoja akichoka. Tungeulizwa hivyo jikoni kwa dada yangu Geneva, naamini shemeji asingenyamazia kile kichwa cha Cosmiques.

Kushuka kulikuwa kwa pole pole. Kwenye nyumba ya Goûter alikunywa chai ya sukari nyingi, akatapika, akanywa tena, rangi ikaanza kurudi. Saa nne asubuhi tulifika tena korongoni, na sasa jua lilikuwa limeshafika juu. Mzee alitusimamisha nyuma ya mwamba, helmeti zimekazwa, akainua kiganja. Tulingoja. Kwanza ulisikika mchakaruko kama mtu anamwaga changarawe, kisha jiwe la ukubwa wa boga likapita hewani mbele yetu, likigonga mara moja tu upande huu na kupotea. Baada yake mengine madogo. Kimya. Bado kiganja kiko juu. Shemeji alikuwa ananitazama, nami nilikuwa nakitazama kiganja. Kiliposhuka tulikwenda, hatua fupi za haraka, meno yanauma, kifundo kimelala, na sikuangalia juu hata mara moja kwa sababu alikuwa anaangalia yeye.

Kwa atakayekwenda, machache ya haraka. Uokoaji wa mlimani upande wa Ufaransa haulipishwi, lakini hospitali inalipishwa, kwa hiyo kata bima. Beba shuka-mfuko lako la kulalia. Fika siku mbili kabla kama unakaa chini kama Geneva, na ulale angalau usiku mmoja juu ya mita 3,000 kisha useme ukweli asubuhi. Na kama una uwezo, lipia mwongozaji wa peke yako. Ni ghali karibu mara mbili, kwa kuwa hakuna wa kugawana naye, ila utakuwa unabeba mwili wako tu.

Shemeji alipona kabisa tulipofika Tête Rousse. Alikula sahani mbili za tambi, akaniomba msamaha, nami nikamweleza zile dakika kumi. Hatujamwambia dada mpaka leo, atasoma hapa.

Fomu yetu ya jioni nilimtumia mzee nilipofika Marangu, nimeitafsiri. Alinijibu na tarehe: wiki ya mwisho ya Juni mwakani, mgeni mmoja. Shemeji amesema atapanda na sisi mpaka Tête Rousse na atatungoja hapo.